Je, Wajua? Wimbo Unaweza Kukimbia Bila Kupanda Sauti

Ntalikwa ni kata ya Manispaa ya Tabora, katika nchi ya Unyanyembe ambako njia za misafara zilikutana: ile ya kutoka Bagamoyo, ile ya kwenda Ujiji na ile ya kupanda Karagwe hadi Buganda. Siku hizi ngoma ikilia huko, simu huinuliwa, watu hurekodi, na baadhi ya rekodi hizo hufika kwenye kompyuta ya prodyuza mjini. Hapo swali la kwanza huwa ni la mwendo. Ngoma ibaki ilivyopigwa? Iharakishwe ili ichezeke disko? Au ipunguzwe ili mwimbaji apate nafasi ya kuvuta pumzi? Kubofya kitufe ni kazi ya sekunde moja, lakini kitufe hicho kina historia ya zaidi ya miaka 100, na watu wa Tabora wamo ndani yake.

Je, wajua kuwa kazi hii umeshaifanya kwa simu yako?

Mwaka 2021 WhatsApp iliongeza kitufe cha kuharakisha ujumbe wa sauti, mara 1.5 au mara 2. Ujumbe wa shangazi wa dakika nne unausikiliza kwa dakika mbili, na bado unamtambua kuwa ni shangazi. Sauti yake haigeuki ya mtoto. Umebadili mwendo na kimo cha sauti kimebaki palepale. Kimo ndicho kinachofanya sauti iwe nyembamba au nzito. Prodyuza hufanya jambo hilohilo kwa wimbo mzima, ila yeye huenda kwa hatua ndogo zaidi na kwa sikio kali zaidi, kwa sababu kasoro ambayo haisikiki katika maneno ya kawaida husikika mara moja katika muziki.

Je, wajua kuwa kwenye kanda mwendo na kimo havikuachana?

Kaseti hupita mbele ya kichwa cha redio kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Betri zikichoka, mota hulegea, na mwimbaji hulegea pamoja nayo: wimbo unakwenda polepole na sauti inakuwa nzito. Waliokua na redio kaseti wanalikumbuka jambo hili vizuri.

Sababu yake ni rahisi. Sauti ni mtikisiko. Noti ambayo wapiga ala wengi huitumia kulinganisha vyombo vyao ina mitikisiko 440 kwa sekunde. Ukipunguza mwendo wa kanda kwa nusu, mitikisiko ileile inatandazwa kwenye muda maradufu, hivyo kila sekunde inabaki na 220 tu, na noti inashuka oktava nzima. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 6 hivi, wimbo wote unapanda nusu toni, yaani hatua moja kwenye shingo ya gitaa.

Sasa chukua mfano wa studio. Wimbo wa dakika tatu una mapigo 90 kwa dakika na mteja anataka 100. Ukiukimbiza kwa njia ya kanda, utamalizika kwa dakika 2 na sekunde 42, lakini pia utapanda karibu nusu toni mbili. Mwimbaji aliyerekodi kwa sauti ya kifua atasikika kama mdogo wake. Kompyuta ya leo inakupa dakika 2 na sekunde 42 zilezile, na sauti inabaki ilipokuwa.

Je, wajua hesabu ya 60,000?

Dakika moja ina milisekunde 60,000. Zigawe kwa idadi ya mapigo na utapata urefu wa pigo moja. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika una milisekunde 600 kati ya pigo na pigo. Wa mapigo 120 una 500. Maprodyuza huitumia hesabu hii kupanga mwangwi ili urudi sawasawa na biti. Ukibadili mwendo wa wimbo ukasahau kubadili mwangwi, mwangwi utaanza kugongana na ngoma, na msikilizaji atahisi vurugu asijue imetoka wapi.

Kuupima muziki kwa mapigo ya dakika kulienea baada ya Johann Maelzel kusajili hataza ya metronomu mwaka 1815. Mtambo wenyewe ulitokana na uvumbuzi wa Dietrich Winkel wa Amsterdam. Namba inayoonekana leo juu ya kioo cha kila programu ya muziki ni mjukuu wa chombo hicho cha mbao.

Je, wajua kuwa nyimbo za wapagazi Wanyamwezi ziliandikwa kitabuni tangu 1908?

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, tarehe 27 Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Ni siku 134. Safari za namna hiyo zilikwenda kwa wimbo: kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, akiwa mbele, ngoma ikilia, mmoja akianzisha na wengine wakipokea. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mwendo wa nchi nzima ulibadilika.

Miaka sita kabla ya reli, mwaka 1906, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig aitwaye Karl Weule alizunguka Lindi, Masasi na Newala akiwa na fonografu ya mitungi ya nta. Wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi, na nyimbo zao zimo katika kitabu alichokitoa mwaka 1908. Watu wa magharibi waliimba kusini, na sauti za safari hiyo zikavuka bahari.

Je, wajua kuwa filimbi ndogo ndiyo iliyolinda mwendo wa rekodi hizo za kale?

Mtungi wa nta ulizungushwa na springi, na kasi yake haikuwa moja. Aliyetaka kurekodi kwa muda mrefu zaidi aliipunguza. Je, anayeusikiliza miaka 50 baadaye atajuaje kasi ya kweli? Erich von Hornbostel, aliyeongoza hazina ya sauti ya Berlin iitwayo Phonogramm-Archiv, aliwaagiza wasafiri wapulize kwanza filimbi ya kulinganishia vyombo, yenye mitikisiko 435 kwa sekunde, halafu ndipo waimbaji waanze.

Uzuri wa agizo hilo uko hapa: anayecheza mtungi leo huongeza au kupunguza kasi mpaka filimbi itoe 435 kamili. Hapo mwendo wa wimbo na kimo cha sauti vyote vinarudi mahali pake kwa pamoja. Kwa kuwa viwili hivyo havikuachana kwenye nta, kimoja kiliweza kumshuhudia mwenzake. Hazina hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999.

Mtungi usio na filimbi ni jambo jingine. Hapo wataalamu hubaki kukisia, na wimbo wa mwanamume unaweza kuchezwa kwa miongo mingi ukidhaniwa ni wa kijana.

Je, wajua kuwa santuri za Siti binti Saad hutegemea namba moja ya mota?

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zake zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika. Lakini 78 ni jina tu la jumla. Gramafoni ya umeme katika nchi zenye umeme wa hezi 60, kama Marekani, huzunguka mara 78.26. Katika nchi za hezi 50, kama Tanzania na Uingereza, huzunguka mara 77.92. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa sikio la kawaida. Hatari kubwa ni kwamba santuri nyingi za zamani hazikurekodiwa kwa 78 kamili tangu mwanzo. Nyingine zilikuwa chini yake na nyingine juu. Kwa hiyo anayehamishia taarabu ya kale kwenye kompyuta anapaswa kwanza kutafuta kasi ya kweli, kwa kusikiliza udi na fidla vimelinganishwa kwa sauti gani, ndipo aanze kusafisha mikwaruzo.

Je, wajua kuwa filamu za mikanda ya video zilikuwa zikikimbia?

Filamu za sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni ya mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania, huonyesha picha 25. Njia ya kawaida ya kuhamisha filamu kwenda PAL ilikuwa kuikimbiza tu kwa asilimia 4 na kidogo. Filamu ya dakika 120 iliisha kwa dakika 115 na sekunde 12, na muziki wake ukapanda zaidi ya nusu ya nusu toni. Kijana aliyejifunza kinanda kwa kufuata wimbo wa Kihindi kwenye mkanda wa video, kisha akaufuata kwenye kaseti yake, aliona vyombo haviafikiani. Masikio yake hayakuwa na kosa.

Je, wajua kuwa wasioona walisaidiwa mapema na teknolojia hii?

Mwaka 1946 Dennis Gabor, mwanafizikia aliyezaliwa Hungaria na kufanya kazi Uingereza, aliandika kuwa sauti inaweza kutazamwa kama mkusanyiko wa chembe ndogondogo za muda. Ukiweza kuzishika chembe hizo moja moja, unaweza kuzisogeza karibu au mbali bila kugusa mitikisiko iliyo ndani yake.

Mwaka 1954 Grant Fairbanks na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois walieleza mtambo wa kanda wenye vichwa vinavyozunguka. Kichwa kilichukua kipande kifupi cha kanda, kikaruka kingine, kikachukua tena. Maneno yalifupika na kimo hakikupanda. Wasioona, waliokuwa wakisoma kwa kusikiliza vitabu vilivyosomwa kwenye kanda, waliweza kumaliza kitabu kwa muda mfupi na bado wakaelewa. Kitufe cha WhatsApp kimetokana na wazo hilohilo.

Je, wajua kompyuta hufanyaje?

Zipo njia kuu mbili.

Ya kwanza hukata sauti katika vipande vya milisekunde chache hadi makumi kadhaa. Ili kupunguza mwendo, vipande vingine hurudiwa. Ili kuharakisha, vingine huachwa. Ugumu uko kwenye maungio. Mshonaji wa mkeka hulaza ukingo wa ukili mmoja juu ya mwingine ili mshono usionekane, na programu hufanya hivyo kwa mawimbi ya sauti: hutafuta mahali ambapo wimbi la kipande hiki linafanana na la kile, ikalaza moja juu ya jingine, hiki kikififia wakati kile kinapanda. Werner Verhelst na Marc Roelands wa Ubelgiji walitoa njia maarufu ya kutafuta mfanano huo mwaka 1993.

Ya pili ni vokoda ya fezi, iliyoelezwa na James Flanagan na Roger Golden wa Bell Labs mwaka 1966. Hii huichambua sauti katika mikondo mingi myembamba, kutoka mizito hadi miembamba, ikapima kila mkondo una nguvu kiasi gani na umefika wapi katika mzunguko wake, kisha ikaijenga upya sauti kwa muda mpya. Ilihitaji hesabu nyingi kuliko kompyuta za wakati huo. Leo simu huimaliza kazi hiyo huku ikifanya mengine.

Ili kuona uzito wake, fikiria rekodi ya ubora wa CD. Kila sekunde ina sampuli 44,100, yaani vipimo vya wimbi la sauti. Ukirefusha wimbo kwa asilimia 10, programu inalazimika kuunda sampuli 4,410 za ziada kwa kila sekunde ya asili, sampuli ambazo hakuna maikrofoni iliyozisikia, na sikio lako lisitambue. Ndiyo maana prodyuza makini hufanya kazi hii kwenye faili la WAV lililo kamili. Faili la MP3 limeshapunguzwa ndani, na kulinyoosha huanika mapungufu yake.

Je, wajua kuwa ngoma huumia kuliko zeze?

Zeze likivutwa kwa uta, sauti yake huendelea, na programu inapata nafasi ya kutosha ya kurudia vipande. Ngoma haina nafasi hiyo. Uzima wote wa pigo la ngoma uko katika milisekunde chache za mwanzo, pale mkono au fimbo inapogusa ngozi. Kipande hicho kikirudiwa, utasikia pigo moja limekuwa mawili. Kikiyeyushwa na vokoda, pigo linapoteza makali na kusikika kama linapigwa majini.

Suluhisho la ngoma likawa kutonyoosha kabisa. Mwaka 1994 kampuni ya Propellerhead ya Sweden ilitoa ReCycle, programu inayokata rekodi ya ngoma pigo kwa pigo. Ukiharakisha, mapigo husogeleana; ukipunguza, huachana; lakini kila pigo lenyewe haliguswi. Programu nyingi za leo hukupa uchaguzi huu zinapouliza sauti ni ya aina gani: ngoma, sauti ya mtu au muziki mchanganyiko. Anayechagua ovyo huharibu kazi kwa kosa la kitufe kimoja.

Sauti ya mtu nayo ina siri yake. Koo na kinywa hukoleza mitikisiko fulani, na ukolezaji huo haubadiliki mtu anapopanda noti. Ndio unaotutambulisha. Ndiyo maana sauti iliyopandishwa kwa njia ya kanda hugeuka ya katuni: koo lenyewe limefupishwa. Programu nzuri huuacha ukolezaji mahali pake. Hata hivyo, maprodyuza wengi hawapendi kuisogeza sauti ya mwimbaji zaidi ya asilimia 10. Mabadiliko yakizidi hapo, kumwita mwimbaji arudie ni nafuu kwa wote.

Je, wajua programu hizi zilitoka wapi?

FL Studio, inayopendwa mno na vijana wa Afrika Mashariki, ilianza Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. ACID ya Sonic Foundry ilitoka Marekani mwaka 1998 na ikafanya lupu yoyote, yaani kipande kinachojirudia, ijifuatishe na mwendo wa wimbo. Ableton Live ilitoka Berlin mwaka 2001, ikawapa wanamuziki uwezo wa kunyoosha sauti jukwaani huku watu wanacheza.

Serato, jina linalojulikana kwa kila DJ, ilizaliwa New Zealand. Steve West, akiwa mwanafunzi, alitaka kuzipunguza nyimbo ili ajifunze kupiga gitaa la besi bila sauti kushuka, akaandika programu yake. Kampuni aliyoianzisha na rafiki yake AJ Bertenshaw ilitoa bidhaa yake ya kwanza, Pitch 'n Time, mwaka 1999.

Kwa asiye na fedha ipo Audacity, iliyotolewa kwa umma mwaka 2000 na inayopatikana bure. Ndani yake kuna amri tatu ambazo wanaoanza huzichanganya: moja hubadili mwendo na kimo kwa pamoja kama kanda, ya pili hubadili mwendo peke yake, na ya tatu hubadili kimo peke yake. Mwalimu wa kwaya anaweza kuitumia ya pili kupunguza wimbo mgumu ili sauti ya nne waushike, kisha ya tatu kuushusha wimbo ulio juu mno kwa sauti ya kwanza.

Je, wajua kuwa programu hudanganywa na ngoma zetu?

Programu inapojikadiria mwendo, hutafuta mapigo yenye nguvu yanayorudi kwa muda sawa. Kosa lake la kawaida ni kuhesabu nusu au maradufu: wimbo wa 70 husomwa 140. Hilo ni rahisi kurekebisha.

Ngoma za Kiafrika huleta mtego mgumu zaidi, kwa sababu nyingi huhesabika kwa mbili na kwa tatu kwa wakati mmoja. Miguu ya wachezaji inakwenda kwa mbili, manyanga yanakwenda kwa tatu, na hakuna aliyekosea. Programu ikishika upande usio wa miguu, itasoma 180 mahali pa 120, au 80. Ukinyoosha kwa kufuata namba hiyo, kila kitu kitaanguka upande. Dawa yake ni ya zamani: tazama miguu ya wachezaji, gonga kitufe cha mapigo kwa kidole ukiifuata, kisha uiamuru kompyuta ikufuate wewe.

Je, wajua kuwa Tabora Jazz hawakufuata metronomu?

Bendi ya Tabora Jazz, iliyotamba kwa mtindo wa Segere Matata na nyimbo kama Dada Asha wa Shem Karenga, ilirekodi kama bendi nyingi za enzi ya Radio Tanzania Dar es Salaam: wote chumbani, wimbo mzima kwa mkupuo mmoja, kwenye kanda. Mwendo ulishikwa na mpiga ngoma na gitaa la besi. Muziki wa dansi huanza kwa utulivu ili maneno yasikike, na ukifika kwenye chemko, sehemu ya kucheza, unapanda moto. Kasi inayoongezeka hapo haikuwa bahati mbaya. Ndiyo iliyowainua watu vitini.

DJ wa leo akitaka kuuchanganya wimbo huo na biti ya kompyuta, hukuta haulingani baada ya mistari michache. Programu humruhusu kuchomeka alama kwenye kila pigo na kulivuta lifuate gridi. Inawezekana, na inafanyika. Lakini ukiivuta chemko mpaka ilingane na mwanzo wa wimbo kwa namba moja, umeondoa kile ambacho bendi nzima ilikuwa ikikijenga. Wenye maarifa hufanya kinyume: huchora mwendo wa wimbo wa zamani, kupanda kwake na kushuka kwake, kisha huifanya biti mpya iufuate. Programu zote kubwa zinaweza kufanya hivyo.

Je, wajua kuwa Watanzania wamejulikana duniani kwa kasi?

Singeli ilikulia katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati. Nyuma yake upo mchiriku na vinanda vyake vidogo vya Casio, na upo mtindo wa kuchukua kipande cha taarabu, kukirudia na kukikimbiza mpaka MC apate pa kumwaga maneno. Kasi yake hufika kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Kwenye 300, pigo moja lina milisekunde 200 tu.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, wa studio ya Sisso ya Mburahati. Ulifuatiwa na albamu za Bamba Pana mwaka 2018, Jay Mitta na Duke mwaka 2019, na DJ Travella mwaka 2022. Vijana hawa walizitumia programu kama FL Studio na Virtual DJ, na kile ambacho maprodyuza wa kwingine walikiona kasoro, yaani sauti iliyokimbizwa hadi kuwa nyembamba, wao wakakifanya kuwa ladha yenyewe.

Kwingine duniani wengine walikwenda njia zao. DJ Screw wa Houston alipunguza nyimbo za rap miaka ya 1990 mpaka zikawa nzito na za kuvuta. Wanafunzi wawili wa Norway walianza kukimbiza nyimbo za dansi mwaka 2001 kwa jina la Nightcore. Vijana wa TikTok wanaokimbiza nyimbo leo wanapita njia iliyochongwa zamani, na Dar es Salaam ni mmoja wa wachongaji wake.

Je, wajua kuwa mwendo wa ngoma ya kazi ulipangwa na jembe?

Katika Usukuma na majirani zake wa magharibi, bugobogobo ni ngoma ya kulima. Wapiga ngoma husimama shambani na majembe hupanda na kushuka pamoja. Frank Gunderson, aliyezikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu cha mwaka 2010, alikuta ndani yake nyimbo za wakulima, wapagazi na wawindaji wa nyoka. Mwendo wa nyimbo hizo una habari ndani yake: unaeleza mkono uliinuka mara ngapi na mtu aliweza kuendelea kwa muda gani kabla ya kuchoka. Rekodi aliyoifanya mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey kwa Wanyamwezi alipopita Tanganyika mwaka 1950 ina thamani hiyo hiyo. Ukiikimbiza ukaisambaza bila kusema, anayesikiliza atadhani babu zake walilima mbio.

Je, wajua kuwa kubadili mwendo hakukupi umiliki?

Wapo wanaoamini kuwa wimbo ukiongezwa kasi kidogo unakuwa mpya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, inampa mtunzi haki juu ya kazi yake na juu ya mabadiliko yanayofanywa kwa kazi hiyo, na ina sehemu maalumu inayohusu sanaa za jadi. Wimbo wa mtu ukikimbizwa kwa asilimia 10 unabaki kuwa wa mtu. Omba ruhusa, taja jina, lipa panapostahili. Ngoma ya kikundi cha kijiji nayo ina wenyewe, hata kama hawana studio.

La mwisho la kujua, na la kufanya

Kwenye nta na kanda, mabadiliko ya mwendo yaliacha ushahidi, kwa sababu kimo cha sauti kilibadilika pamoja nayo. Kwenye kompyuta ushahidi huo umeondoka. Programu ikifanya kazi yake vizuri, hakuna sikio litakaloweza kusema kwa hakika kuwa ngoma hii ilipigwa kwa 96 na siyo 110. Aliyebadili ndiye shahidi pekee.

Kwa hiyo wewe unayerekodi ngoma Ntalikwa, Kwihara, Urambo au Sikonge, na wewe prodyuza unayeipokea: usiliguse faili la kwanza. Lihifadhi lilivyo, ufanyie kazi nakala. Katika jina la faili andika mahali, tarehe, jina la ngoma na la kikundi, na mapigo kwa dakika kama ulivyoyahesabu kwa kufuata miguu ya wachezaji. Kwenye nakala uliyoibadili andika umeisogeza kutoka mwendo gani hadi upi. Weka nakala ya pili kwenye diski nyingine, nje ya simu. Ukishafanya hayo, ikimbize utakavyo.